Kivinjari Kipya Huwa Chepesi kwa Sababu Ni Kitupu

"Fundi, nimeachana na Chrome, nimeweka kivinjari hiki kingine, na sasa intaneti inakimbia, mbona hukunieleza mapema?" Maneno haya nimeyasikia tena wiki hii, na msemaji wake huweza kuwa yeyote: mwanafunzi wa Makerere, afande anayeandaa ripoti yake, au hajati wa Kikuubo, mtaa wa biashara wa Kampala, anayeagiza mzigo kwa barua pepe. Kwa kawaida hutabasamu na kuendelea na kazi iliyo mezani, lakini tabasamu limeniishia, na kwa kuwa sifa zinakwenda kwa asiyestahili, nimeona afadhali niyaandike haya mara moja, ili atakayeniuliza kesho nimtumie kiungo.

La injini, yaani sehemu ya kivinjari inayougeuza msimbo kuwa ukurasa unaouona, sitalirefusha. Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi zote zinatumia Blink kuchora kurasa na V8 kuendesha JavaScript. Opera iliiacha Presto, injini yake yenyewe, mwaka 2013, na Microsoft nayo ikaitupa ya kwake na kutoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium, msingi ule ule wa Chrome, mnamo Januari 2020. Zilizobaki nje ya ukoo huo kwenye kompyuta ya mezani ni Firefox yenye Gecko na Safari yenye WebKit, ambayo Blink yenyewe ilichipuka kutoka kwake. Kwa hiyo anayehama kutoka Chrome kwenda Brave au Opera, kisha akasifu injini mpya, anaisifu injini ile ile aliyoikimbia.

Hata hivyo tofauti anayoiona ni ya kweli, na hapa ndipo ninapokosana na mafundi wenzangu wanaomcheka mteja. Kivinjari alichokiacha kilikuwa na viendelezi (programu ndogo za nyongeza) alivyovipachika kwa miaka, vichupo (tab) asivyovifunga tangu muhula uliopita, na tovuti kadhaa alizoziruhusu zimtumie arifa bila kusoma alichokubali. Kipya hakina hata kimoja kati ya hivyo. Kukisifu kwa wepesi siku ile ile ni sawa na kuisifu boda boda kwamba ina nguvu kabla haijapakiwa mikungu ya matoke. Mpe mteja huyo miezi michache, naye atakuja kuniambia kwamba hiki nacho "kimezeeka".

Kipimo ni rahisi na hakihitaji kupakua kitu. Katika kivinjari cha zamani, bofya picha yako juu upande wa kulia, fungua wasifu mpya usio na akaunti wala kiendelezi, kisha ufungue humo kurasa zile zile unazozifungua katika kivinjari kipya. Fanya hivyo ndani ya saa moja, kwa sababu mtandao wa saa mbili usiku si mtandao wa alfajiri, na ufungue kila ukurasa kwa mara ya kwanza pande zote mbili, kwa sababu mara ya pili picha hutoka kwenye kache, yaani nakala zilizohifadhiwa katika diski yako, si kwenye mtandao. Ukiona wasifu mtupu wa Chrome unakwenda sawa na kivinjari kipya, basi umempata mwizi wako, naye hakuwa Chrome.

Ukitaka kumwona kwa jina, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja ndani ya Chrome au Edge. Litatokea dirisha linaloorodhesha kila kichupo na kila kiendelezi, pamoja na kumbukumbu (RAM) na nguvu ya prosesa kinayoitumia. Katika kompyuta moja ya RAM ya GB 4 niliyoletewa, vilivyokaa juu ya orodha havikuwa kurasa hata kidogo: kiendelezi cha kubadilisha PDF, kingine cha kutafuta kuponi za maduka yasiyoleta mzigo Uganda, na VPN mbili za bure, zile huduma zinazoupitisha mtandao wako kwenye seva ya mtu mwingine, zilizowashwa kwa wakati mmoja. Nilivizima vyote vinne mwenye kompyuta akiangalia. Hakunishukuru, aliniuliza kama kuna kivinjari kingine chepesi zaidi.

Lawama kwamba Chrome "inakula RAM" nayo ina upande usiosemwa. Kila tovuti huendeshwa katika mchakato wake uliotengwa na mingine, ili ukurasa mwovu usichungulie data ya ukurasa jirani. Baada ya Spectre, udhaifu wa prosesa, kutangazwa Januari 2018, Google iliukaza utengano huo katika Chrome 67, na wahandisi wake wakasema wazi kwamba gharama yake ni ongezeko la asilimia 10 hadi 13 ya kumbukumbu. Firefox ilifuata njia hiyo hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo sehemu ya RAM unayoililia ndiyo ukuta unaoitenga barua pepe yako na tovuti ya kutazamia mpira bila malipo. Edge huvilaza vichupo visivyotumika, na Chrome ina kiokoa kumbukumbu kinachofanya kazi kama hiyo. Viwashe, kisha tuendelee.

Sasa intaneti yenyewe. Uganda haina pwani, na sehemu kubwa ya data yetu hupita Kenya hadi Mombasa, ambako huingia katika nyaya za baharini kama SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyoifuata mwaka 2010. Data kwenda Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde hata siku mtandao ukiwa mzuri, na kabla ukurasa haujaanza kuonekana huwa kuna safari kadhaa za namna hiyo: kuulizia anwani, kuunganisha, kukubaliana ufunguo wa usimbaji, kisha ndipo ombi lenyewe liende. Hakuna kivinjari kinachoisogeza Mombasa karibu na Marseille. Nyaya hizo mbili zilipokatika Mei 2024, vivinjari vyote vilikuwa vizito pamoja, na kwa siku chache hakuna aliyeniambia kwamba chake kinakimbia.

Anayetaka kuona muda wake unakokwenda abonyeze F12, achague sehemu ya mtandao, kisha aupakie upya ukurasa wa gazeti analolisoma kila asubuhi. Atatazama mistari ikishuka: kwanza ukurasa wenyewe, halafu picha, halafu mlolongo wa majina asiyoyajua, ya kampuni za matangazo na za kupimia wasomaji, kila moja likivuta jingine nyuma yake. Habari aliyoijia mara nyingi hufika mapema. Kinachoendelea kuzunguka baada ya hapo ni vifuatiliaji, navyo vinakatwa kwenye bando lake kama kitu kingine chochote. Tangu Julai 2021, kodi ya shilingi 200 kwa siku ya kutumia mitandao ya kijamii ilipobadilishwa kuwa asilimia 12 juu ya data yenyewe, mtumiaji wa Uganda analipia hata ushuru wa matangazo asiyoyataka.

Hapa ndipo ninapolazimika kumpa mteja haki yake, kwa sababu vivinjari hutofautiana sana katika kile vinachokikataa kabla hakijapakuliwa, na tofauti hiyo ni ya faragha na ya kasi kwa pamoja. Brave huzuia matangazo na vifuatiliaji tangu unapoiweka. Firefox, tangu Juni 2022, hufungia vidakuzi, yaani alama ndogo ambazo tovuti huziacha katika kivinjari ili zikutambue, vya kila tovuti katika chombo chake, hivyo mfuatiliaji aliyekuona katika tovuti moja hakutambui kwa kidakuzi hicho katika nyingine. Safari imevizuia kabisa vidakuzi vya watu wa tatu, yaani vya tovuti nyingine zaidi ya ile uliyoifungua, tangu Machi 2020. Google iliahidi Januari mwaka huo huo kwamba Chrome ingeviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na mnamo Aprili 2025 ikatangaza kwamba vitabaki. Sishangai: kampuni hiyo inaishi kwa matangazo. Chrome vilevile imebadilisha kanuni za viendelezi, na uBlock Origin kamili, kiendelezi cha kuzuia matangazo, haifanyi kazi humo tena. Iliyobaki ni toleo dogo linaloitwa Lite, ilhali Firefox inaendelea kulipokea lile kamili. Ukipakia ukurasa ule ule wa gazeti ukiwa na kizuizi hicho, mistari chini ya F12 hupungua kiasi cha kukufanya uulize ulikuwa unalipia nini.

Kinachonikera kuliko yote, hata hivyo, ni VPN. Tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021, kuwasha VPN kumekuwa mazoea kama kuwasha kompyuta, na simlaumu mtu kwa hilo. Ninachokilaumu ni ulinganisho unaofanywa juu yake. Mtu anafungua Chrome yenye VPN, anaiona nzito. Anafungua kingine kisicho na VPN, anakiona chepesi. Kisha anatangaza matokeo kwenye kundi la WhatsApp. Hakulinganisha vivinjari. Alilinganisha njia ya moja kwa moja na njia inayozungukia seva iliyo bara jingine. Ukiwa na VPN iliyotokea Ulaya, hata tovuti iliyo kwenye seva hapa Kampala huifikia kwa kwenda Ulaya kwanza na kurudi, na hakuna injini itakayoficha safari hiyo.

Wengine huenda kinyume: huchagua Opera kwa sababu VPN imo ndani yake bure, kisha hudhani kompyuta nzima imefunikwa. VPN hiyo ya bure hubeba yanayopita ndani ya dirisha la Opera tu. Programu ya barua pepe, WhatsApp ya kompyuta na masasisho ya Windows vyote vinapita njia yao ya kawaida. Huwezi kuchagua nchi. Unachagua eneo, yaani Ulaya, Amerika au Asia. Wala VPN haifuti macho yanayokutazama, inayabadilisha tu: kampuni ya simu ilikuwa inaona majina ya tovuti unazozitembelea, na sasa anayeyaona ni mwenye VPN. Kama ni kiendelezi cha bure kilichoomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data yako yote katika tovuti zote, nawe ukabofya kukubali, basi umempa mtu usiyemjua zaidi ya kile kampuni ya simu ilichoweza kukiona, kwa sababu HTTPS, usimbaji unaoficha yaliyomo njiani, haimzuii aliye ndani ya kivinjari. Watu wa namna hiyo ndio hunijia wakiuliza, kwa uso mkavu kabisa, ni kivinjari gani chenye faragha zaidi.

Ushauri wangu mwenyewe una mahali panaponitia wasiwasi. Natumia Firefox kila siku na kuipendekeza kwa faragha, lakini sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla, mtengenezaji wake, hutoka Google, inayolipia kuwa injini ya utafutaji ya awali, na sijui jinsi ya kumsifu mlinzi anayelishwa na yule yule anayekulinda dhidi yake bila kuona haya kidogo. Halafu ziko tovuti za taasisi zilizojaribiwa kwa Chrome peke yake: unajaza fomu ndefu, unabofya kutuma, na kitufe kinakutazama tu. Kwa hiyo kwenye kila kompyuta ninayoitengeneza naacha Edge ikiwa safi, bila kiendelezi hata kimoja, kwa ajili ya kodi, benki na maombi ya serikali. Na sina uhakika kwamba kuongeza viendelezi vya faragha daima kunakuficha. Tovuti inaweza kukutambua kwa mkusanyiko wa fonti, ukubwa wa skrini na mipangilio yako, na kadiri unavyokipamba kivinjari ndivyo unavyozidi kutofanana na wengine. Kivinjari cha Tor, kilichoundwa kumficha mtumiaji, hujaribu kuwafanya watumiaji wake wote waonekane sawa, na ndiyo sababu hukusihi usikiongezee chochote. Ila kwa kazi za kila siku na kwa laini zetu, uzito wake ni wa kweli.

Vipimo vya kasi kama Speedometer navitazama kwa jicho moja. Toleo la tatu lilitolewa Machi 2024 kwa ushirikiano wa watengenezaji wa injini zote kubwa, na ni kipimo cha heshima, lakini kinapima wepesi wa kurasa kuitikia kwenye mashine husika. Hakikuelezi lolote kuhusu kompyuta yenye RAM ya GB 4 na diski inayozunguka, iliyofika hapa ikiwa mtumba, mtandao wake ukitoka kwenye simu iliyowekwa dirishani.

Mwenye mashine ya namna hiyo aweke Firefox na uBlock Origin, viendelezi vingine visizidi viwili. Mwenye Windows 7 ajue kwamba Chrome iliishia toleo la 109 mwanzoni mwa 2023, na kwamba wepesi anaojivunia katika Chrome ya zamani ni wa programu iliyoacha kuzibwa matundu. Mwenye Mac abaki na Safari kwa ajili ya betri. Asiyetaka kugusa mpangilio wowote achukue Brave, azime mambo yake ya sarafu za kidijitali, afanye kazi.

Kuhusu hali fiche (incognito), kwa kuwa lazima mtu ataiuliza: hufuta historia na vidakuzi unapofunga dirisha, basi. Kampuni ya simu, mwajiri na tovuti zenyewe wanakuona kama kawaida, na Google ilishtakiwa Marekani mwaka 2020 kwa jambo hilo hilo, hadi mwaka 2024 ikakubali kufuta rekodi ilizokusanya na kuandika upya maelezo yake. Mahali inapofaa kweli ni kwenye kafe ya intaneti ya Wandegeya hapa Kampala, unapoingia katika barua pepe yako kwa kompyuta ya watu. Ila faili ulizopakua hazifutwi. Kila ninapohudumia kompyuta za kafe nakuta folda ya vipakuliwa imejaa wasifu wa kazi, nakala za vitambulisho vya taifa na barua za benki za watu waliofunga dirisha wakaondoka wakiamini hawakuacha kitu.