Kura ya posta hufia kwenye bahasha

Kura nyingi za posta zinazokataliwa Marekani hukataliwa kabla mtu yeyote hajaona zimempigia nani. Karatasi ya ndani inaweza kuwa safi kabisa. Kilichoiangusha kiko nje: saini haikufanana na ile iliyo kwenye kumbukumbu, au haipo kabisa, au bahasha imefika muda umeshapita. Katika uchaguzi mkuu wa 2020 zilikataliwa chini ya asilimia 1 ya kura zote za posta zilizorudishwa nchi nzima, na sababu iliyoongoza ilikuwa saini. Ukiisikia asilimia hiyo utaiona ndogo. Ni watu zaidi ya laki tano.

Mimi hufanya kazi ya kuhakiki bahasha hizo katika kaunti moja ya jimbo la Washington, na msimu wa uchaguzi ukikaribia huwaeleza ndugu zetu wa Kent na Tukwila, wengi wao Wakongomani, Wakenya na Watanzania walioapa uraia, namna kura yao inavyosafiri. Nawaandikia na ninyi msioweza kufika kwenye vikao vile.

Wanaopigania kura ya posta kwa wote kwa kawaida hupigania sheria moja: kila mpigakura aliyejiandikisha atumiwe karatasi nyumbani bila kuiomba. Ni sheria nzuri, nami naiunga mkono. Oregon ndiyo iliyotangulia. Januari 1996 ilimchagua Seneta Ron Wyden kwa posta, mwaka 1998 wananchi wakapitisha kwa kura zao wenyewe kwamba chaguzi ziende hivyo, na mwaka 2000 likawa jimbo la kwanza kumchagua rais kwa posta tupu. Washington ilikamilisha kaunti zake zote mwaka 2011, Colorado ikafuata 2013, baadaye Utah na Hawaii, na baada ya janga la korona wakaingia California, Nevada na Vermont. Mwaka 2020 zaidi ya wapigakura 4 katika kila 10 nchini walipiga kwa posta. Mwaka 2024 walikuwa kama 3 katika kila 10, idadi ambayo bado ni kubwa mno.

Lakini sheria ikishapita, kazi huhamia kwenye bahasha, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea.

Kwetu karatasi hutumwa angalau siku 18 kabla ya uchaguzi. Mpigakura hujaza, huifunga kwenye bahasha ya kurudishia, husaini kiapo kilichochapwa nyuma na kuandika tarehe. Bahasha ikifika ofisini, mashine huipiga picha kabla ya kufunguliwa. Kwenye skrini naona saini tu, ya bahasha juu na za kumbukumbu chini. Jina la chama halipo, wala sijui amempigia nani. Naangalia mlalo wa mwandiko, namna herufi ya kwanza inavyoanza, nafasi kati ya jina na jina, mkia wa mwisho umepanda au umeshuka. Nikiona hazifanani, siwezi kuikataa peke yangu, inakwenda kwa mwenzangu.

Sasa fikirieni saini za kwenye kumbukumbu zinatoka wapi. Nyingi zilichukuliwa siku mtu alipokwenda kuchukua leseni ya udereva, akasaini kwa kijiti juu ya kioo kidogo, amesimama, foleni ndefu nyuma yake. Mama mmoja mzaliwa wa Fizi huko Kongo, aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa huku, alijifunza kuandika jina lake ukubwani, kwenye darasa la Kiingereza la kujiandaa kwa mtihani wa uraia. Kwenye kioo kile aliweka mchoro usiosomeka. Kwenye bahasha ya kura akakaa mezani, akaandika majina yake matatu kwa herufi zilizonyooka, moja moja, kwa uangalifu wote alionao, kwa sababu kwake hiyo ilikuwa siku kubwa. Saini zile mbili hazifanani hata kidogo. Umakini wake ndio uliomponza.

Mwaka 2022 Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo la Washington alitoa ripoti kuhusu kura za 2020. Kura za wapigakura Weusi zilikataliwa mara 4 zaidi ya za Wazungu, na za Wahindi Wekundu, Walatino na watu wa asili ya Asia karibu mara 2. Wakaguzi hawakuona dalili kwamba wahakiki walikuwa wakibagua, na mimi ninayekaa kwenye kiti hicho naweza kusema rangi ya mtu haionekani kwenye skrini. Ila tofauti ipo, na ni kubwa, na haiondoki kwa kusema hatukukusudia. Vijana nao hukataliwa sana, kwa kuwa saini ya miaka 18 haijatulia.

Dawa ipo, na ni ya bei nafuu. Kura yenye tatizo la saini haitupwi hapohapo. Mpigakura huandikiwa barua, hupewa fomu, akiisaini na kuirudisha kabla ya kaunti kuthibitisha matokeo, kura yake inahesabiwa. Muda huo unazidi wiki mbili. Shida ni barua yenyewe. Inafika imeandikwa Kiingereza, ina jina la serikali juu, na katika nyumba ambazo barua ya serikali imewahi kuleta habari mbaya inawekwa pembeni mpaka mtoto arudi kutoka shule, kisha inasahaulika. Nimewaambia wazee mara nyingi: barua ya saini si ya kuitwa mahakamani. Ni ya kuombwa usaini tena. Basi.

Sheria ya shirikisho inayozilazimisha kaunti kutafsiri karatasi za kura inataja Kihispania na lugha za watu wa Asia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska. Lugha za Afrika hazimo. Waswahili hata wakijaa mtaa mzima, hakuna kaunti inayolazimika kuwachapia neno moja, ingawa baadhi ya kaunti hufanya zaidi ya zinachodaiwa. Hapo ndipo ningependa viongozi wa jumuiya zetu waweke nguvu kwanza: barua ya saini itafsiriwe, hata kabla ya karatasi ya kura. Sheria hiyohiyo ya haki ya kupiga kura, iliyopitishwa mwaka 1965 na kuongezewa baadaye, inampa asiyeweza kusoma au mwenye ulemavu haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, ilimradi si mwajiri wake wala wakala wa mwajiri au wa chama chake cha wafanyakazi. Wengi hawaijui haki hiyo.

Stempu nayo iliwahi kuwa kikwazo. Mwaka 2018 Gavana Jay Inslee wa Democrat na Katibu wa Jimbo Kim Wyman wa Republican walikubaliana fedha za dharura zilipie bahasha za kurudishia, na mwaka uliofuata ikawa sheria. Siku hizi hakuna mtu Washington anayehitaji stempu. Lakini tafadhali msingoje siku ya mwisho. Muhuri wa tarehe hupigwa kwenye kituo cha kuchambulia barua, na huenda ukapigwa kesho yake, muda ukiwa umepita, hata kama ulitumbukiza barua leo. Ukichelewa, tafuta sanduku la kura la kaunti. Sheria yetu inataka liwepo angalau 1 kwa kila wapigakura 15,000, na yote hufungwa saa 2 usiku siku ya uchaguzi. Ukitumbukiza humo, habari ya muhuri wa posta haikuhusu.

Kisha kuna anwani. Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyekulia kwenye S.L.P. ya shule au ya kanisa atalielewa hili haraka kuliko Mmarekani wa mjini. Katika eneo la Wanavajo (kabila la Wahindi Wekundu), lililoenea Arizona, New Mexico na Utah, nyumba nyingi hazina namba wala jina la barabara. Barua hufuatwa kwenye sanduku la posta, safari ndefu kwa gari. Mwaka 2020 Wanavajo kadhaa wa Arizona waliomba mahakama iruhusu kura zao zilizopigwa muhuri kwa wakati zihesabiwe hata zikichelewa kufika. Walishindwa. Washington ilishachukua njia nyingine mwaka 2019: kabila linaweza kuteua jengo lake litumike kama anwani ya wapigakura wasio na anwani, na kudai sanduku la kura kwenye ardhi yake.

Ndugu zetu wa Houston na Dallas wana habari tofauti kabisa. Texas huruhusu kura ya posta kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi, wagonjwa na walemavu, watakaokuwa nje ya kaunti, na wachache wengine, tena kwa kuomba. Sheria ya 2021 ikaongeza sharti la kuandika namba ya leseni au tarakimu 4 za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii (Social Security) chini ya mkunjo wa bahasha, na namba hiyo ilingane na iliyo kwenye kumbukumbu zako. Katika uchaguzi wa awali wa Machi 2022 kura za posta zipatazo 12 katika kila 100 zilikataliwa, karibu 25,000. Wengi ni wazee waliokuwa wakipiga kwa posta miaka yote na hawakuuona mstari ule mpya. Kama una mzazi Texas, mwambie aandike namba zote mbili.

Kuna hofu moja ninayoichukulia kwa uzito, nayo ni ya wizi. Mwaka 2018, katika wilaya ya 9 ya Bunge huko North Carolina, mgombea aliongoza kwa kura 905, kisha ikabainika watu waliofanya kazi kwa upande wake walikusanya kura za posta majumbani kinyume cha sheria. Bodi ya uchaguzi ikaagiza uchaguzi urudiwe. Mambo kama hayo ni nadra, na yalijulikana kwa sababu bahasha huacha ushahidi. Kinachonisumbua zaidi ni kile kisichoacha ushahidi. Kituoni mama husimama peke yake na karatasi yake. Nyumbani, baba anaweza kukusanya bahasha zote, akazijaza yeye, akawaambia wasaini. Nimeshaulizwa kama hilo si jukumu la kichwa cha nyumba. Hapana. Ni kosa la jinai, na kura ya mama ni ya mama. Ningependa tuliseme hili kanisani na msikitini bila kuoneana haya.

Na kwa ambaye bado ana grini kadi, yaani kibali cha ukaazi bila uraia: usijiandikishe, hata karani wa leseni akikuuliza harakaharaka kama unataka kujiandikisha. Kusema wewe ni raia wakati sivyo kunaweza kukurudisha ulikotoka.

Wakenya huniuliza kwa nini IEBC, tume ya uchaguzi ya kwao, haiwatumii karatasi kwa posta. Mwaka 2022 Mkenya wa Seattle aliyetaka kupiga kura ya urais kituo chake cha karibu ndani ya Marekani kilikuwa Los Angeles, kwenda kujiandikisha na kwenda tena kupiga. Wakenya waliojiandikisha ng'ambo yote walikuwa 10,443. Mmarekani anayeishi Mombasa, akishaomba, jimbo lake linatakiwa kumtumia karatasi siku 45 kabla. Tume ya Kenya humtambua mpigakura kwa alama za vidole kwenye mashine ya KIEMS, na kidole hakiwezi kutiwa kwenye bahasha, kwa hiyo kura ya posta ingedai daftari la saini ambalo halijawahi kujengwa, na kwa walio vijijini ingekwama kwenye S.L.P. Wa ng'ambo lakini wana anwani tayari. Ningeanza nao, na ningechukua saini tatu za kila mmoja siku ya kujiandikisha, kwa kalamu, akiwa ameketi.