Ruzuku ya mafuta iliyojificha kwenye bili ya umeme

Ruzuku ya mafuta ikitajwa, wengi wetu tunafikiria bei ya petroli kituoni. Hapo Uganda haina mengi ya kuondoa, kwa kuwa soko la mafuta lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1990, na serikali hutoza ushuru kwa kila lita badala ya kuifidia. Hata mwaka 2022, petroli ilipopita shilingi 6,000 kwa lita, Rais Museveni alikataa kutoa ruzuku, na akakataa pia kupunguza ushuru. Ruzuku yetu kubwa ya mafuta ilipitia kwenye umeme, na nadhani siasa yake inatufundisha zaidi kuliko mabishano ya kituoni.

Maji ya Ziwa Viktoria yaliposhuka mwaka 2005 na 2006, mitambo ya umeme wa maji ya Jinja haikuweza tena kutosheleza nchi. Serikali ikakodi majenereta ya dizeli, yakiwemo ya Lugogo, na baadaye ikaja mitambo ya mafuta mazito ya Namanve na Tororo. Umeme huo ulikuwa ghali mara kadhaa kuliko ule wa maji, lakini mteja hakubebeshwa gharama yote, kwani sehemu kubwa ililipwa na hazina. Mafuta yalipopanda bei duniani, madeni ya serikali kwa wazalishaji yakalimbikizana, na mwaka 2011 mgao wa umeme ukawa mkali kiasi cha kuwafanya wafanyabiashara wa Kampala wafunge maduka kwa kupinga.

Tumtazame aliyelipa. Wakati huo aliyeunganishwa na gridi hakufikia hata mtu mmoja kati ya watano. Kinyozi wa kijijini asiye na nguzo ya umeme karibu alinunua petroli kwenye kidumu ili kuwasha jenereta dogo nyuma ya kibanda chake, na ndani ya bei ya kidumu hicho mlikuwa na ushuru ulioingia katika hazina ileile iliyompunguzia bili mwenye friji na kiyoyozi mjini. Dhuluma hii hainiishi moyoni, kwa sababu ilifanyika kwa jina la kumsaidia mnyonge.

Januari 2012 ruzuku iliondolewa, na bei ya uniti moja kwa mteja wa nyumbani ikapanda kutoka shilingi 385.6 hadi 524.5. Uniti 15 za kwanza za kila mwezi zilibaki shilingi 100 kila moja, na huo, kwa maoni yangu, ndio uamuzi bora uliofanywa siku zile. Malalamiko yalikuwepo, lakini hatua haikurudishwa nyuma. Uchaguzi ulikuwa umepita mwaka mmoja nyuma, walioguswa moja kwa moja walikuwa wachache, na bwawa la Bujagali la megawati 250 lilikuwa karibu kuanza kazi, kwa hiyo mlipaji alikuwa na cha kutarajia.

Petroli haina hali hiyo, kwa sababu humgusa kila abiria wa bodaboda na kila mnunuzi wa matoke sokoni. Kenya iliondoa ruzuku ya petroli Septemba 2022, na kufikia Agosti 2023 ilikuwa imeanza tena kufidia bei. Ruzuku ya kituoni ikishazoeleka, kila serikali huogopa kuwa ndiyo itakayoigusa.

Ndiyo maana ninaitazama Hoima kwa wasiwasi. Kiwanda cha kusafisha mafuta kinachopangwa huko ni cha mapipa 60,000 kwa siku, na kikianza kazi mwananchi atauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mafuta ya ardhi yake yauzwe kwa bei ya dunia. Mwanasiasa aliye kwenye kampeni atakuwa na jibu jepesi la kuyauza kwa hasara. Ningependa Bunge liamue mapema, kabla ya lita ya kwanza kuuzwa, kwamba kiwanda kiuze kwa bei ya soko, na kwamba nafuu yoyote itakayotolewa iandikwe kwenye bajeti kwa kiasi chake, aliyelengwa na tarehe yake ya mwisho. Fedha zilizookolewa zipeleke nyaya za umeme hadi kwenye vibanda vinavyotegemea vidumu vya petroli.