Jaribio la ABX ni nini?

Mtu akibadilisha kebo ya USB ya kompyuta yake, au akihamia programu nyingine ya kuchezea muziki, utamsikia akisema sauti "imefunguka": besi imekaza, mwimbaji kasogea mbele. Hadanganyi, kweli amesikia hivyo. Swali ni kama kilichobadilika ni sauti au ni msikilizaji, na jaribio la ABX lipo kwa ajili ya swali hilo tu.

Utaratibu wake ni mwepesi. A ni sauti ya kwanza, tuseme wimbo ulio kwenye faili la WAV, yaani lisilobanwa. B ni wimbo uleule uliobanwa kuwa MP3. X ni mojawapo kati ya hizo, na kompyuta imeichagua kwa bahati nasibu bila kukuambia. Unasikiliza utakavyo, kisha unasema X ni ipi. Unarudia mara nyingi, kwa kuwa hata anayebahatisha atapatia karibu nusu. Ukipatia 12 kati ya 16, uwezekano wa kufika hapo kwa kubahatisha hauzidi asilimia 4. Ukipatia 9, bado huna la kutamba. Munson na Gardner, watafiti wa maabara ya Bell Labs, Marekani, waliieleza njia hii mwaka 1950, kompyuta zikiwa bado hazijaingia majumbani. Leo foobar2000, programu ya kuchezea muziki, ina kiongezo cha kuifanyia.

Mbona isitoshe kulinganisha kwa masikio yetu wenyewe? Kumbukumbu ya vitu vidogo ndani ya sauti hufifia baada ya sekunde chache. Ukimaliza kuchomoa kebo, kuchomeka nyingine na kuuanza wimbo upya, unalinganisha sauti na maelezo uliyojipa kuhusu sauti. Tena ukisikiliza mara ya pili huwa makini zaidi, na gitaa ambalo lilikuwepo tangu mwanzo linaonekana jipya.

Mtego mkubwa zaidi ni ukubwa wa sauti. Sauti mbili zikipishana kwa nusu desibeli (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), wengi hawasemi hii iko juu. Wanasema hii ni safi zaidi, ina uhai. Ndiyo maana ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu za sauti kama besi, hupendwa haraka: ukipandisha besi kwa desibeli 3, nguvu ya wimbo wote imepanda, na sikio linausifu utamu wakati limeongezewa nguvu tu. Kabla ya kulinganisha, A na B zisawazishwe kwa kupima, zisipishane zaidi ya takriban desibeli 0.1. Kukadiria kwa sikio hakutoshi.

Mwaka 2007, watafiti Meyer na Moran walichapisha matokeo ya majaribio 554 ambamo wasikilizaji walitakiwa kutofautisha rekodi za ubora wa juu na rekodi hizohizo zikiwa zimepitishwa kwenye kiwango cha CD. Walipatia mara 276, yaani sawa na kurusha shilingi.

Kushindwa hakumaanishi kwamba tofauti haipo popote. Kunamhusu msikilizaji huyo, kwa wimbo huo, kwenye hedifoni hizo. Sikio pia hufundishika: MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inaweza kumpita mtu kabisa, mpaka aonyeshwe pa kusikiliza. Ni kwenye milio ya ghafla, kama makofi au rika, ile tari ndogo ya taarabu, ambako uchafu mdogo hutangulia pigo lenyewe. Akishaujua, hata ABX ataanza kuipatia.