Mkono mnene hauponyi propela

Swali lilelile limerudi tena: Prado imepandishwa inchi 2, sasa inatetemeka ikipanda kwenda Mau Summit, na mwenyewe ameambiwa dawa ni mikono minene ya chini ya nyuma (mikono ni vyuma vinavyoifunga ekseli kwenye chasisi, miwili juu na miwili chini). Bei imeulizwa Nakuru nzima. Pembe ya difu, pale inapopokea propela (mhimili unaoleta nguvu kutoka geaboksi), haijapimwa hata mara moja.

Mkono mnene wenye urefu uleule unachora duara lilelile. Unene utakufaa siku mkono utakapokalia jiwe huko Baringo. Kwa mtetemo hauna la kusema. Gari likiinuka, kinachobadilika ni pembe. Chukua mkono wa milimita 500 ambao ncha yake ya ekseli iko chini ya ile ya chasisi kwa milimita 50. Inua gari milimita 50 nyingine: ekseli imesogea mbele karibu milimita 8. Panadi, chuma cha kukingama kinachoizuia ekseli isihame pembeni, ya milimita 900 iliyokuwa na mteremko wa milimita 60, nayo imeivuta ekseli pembeni karibu milimita 5, kuelekea upande ilikofungwa kwenye chasisi. Ndiyo maana tairi moja limeanza kuchungulia nje ya bodi.

Halafu yuko anayenunua mikono ya chini ya kurekebisha urefu, anairefusha mpaka tairi likae katikati ya tao, ya juu anaiacha ilivyo. Ukirefusha ya chini peke yake unasukuma tumbo la ekseli nyuma, na pua ya difu, pale propela inapofungwa, inainama. Mara nyingi ilikuwa imeshainama tayari, maana mikono ya juu ikiwa mifupi kuliko ya chini huvuta mbele haraka zaidi ekseli inaposhuka. Umeongeza ugonjwa kwa pesa yako. Kinachoinua pua ni kurefusha ya juu: bolti ya juu na ya chini kwenye ekseli zikiachana milimita 200 kwa wima, kila milimita 3.5 za mkono wa juu ni kama digrii 1.

Propela yenye krosi (kiungo kinachoiruhusu ijikunje) moja kila upande inataka flanji ya geaboksi na ya difu ziwe sambamba, tofauti isizidi digrii 1. (Yenye krosi pacha upande wa geaboksi ina kanuni nyingine: pua ya difu inalenga propela moja kwa moja.) Hiyo digrii 1 naishikilia, ingawa lazima nikiri kwamba zipo gari zenye digrii 2 zilizotulia kama maji mtungini, na zipo zenye nusu digrii zinazotetemeka. Kwa hiyo tikisa krosi kwa mkono kwanza. Mtetemo unaobadilika ukikanyaga mafuta na kuachilia, tafuta kwenye pembe au krosi. Unaofuata spidi tu, nenda kafanye balansi ya tairi.

Sasa bushi, viungo vya mpira kwenye ncha za mikono, maana hapa ndipo subira inaponiishia. Bushi ya mpira ya kiwandani haizunguki. Bolti ikikazwa, masikio ya breketi yanalibana bomba la ndani ya bushi, linalopitisha bolti, halisogei tena. Mpira umegandishwa kwenye bomba upande wa ndani na kwenye ganda upande wa nje, kwa hiyo mkono ukipanda na kushuka, unaojisokota ni mpira. Ukikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, ekseli inaning'inia, umeuambia mpira kwamba huko chini ndiko nyumbani. Ekseli ikiwa imening'inia milimita 120 chini ya kimo chake cha kawaida, kwa mkono wa milimita 500, hiyo ni digrii 14. Shusha gari: mpira umesokotwa digrii 14 na gari limeegeshwa tu sokoni. Tuta likiipandisha ekseli milimita 100 zaidi, zinafika 25 hivi. Mpira utachanika, kisha atalaumiwa aliyeuza bushi.

Tena mpira uliosokotwa ni springi. Unalisukuma gari juu, mwenyewe anapima, anafurahi kwamba amepata kuliko alicholipia. Baadaye mpira unachoka, gari linashuka, na springi zinatukanwa bure.

Basi kabla hujatoa shilingi: tafuta tambarare, weka mawe kwenye tairi za mbele, tairi zote chini. Legeza bolti za mikono yote minne na panadi mpaka breketi iachie bomba. Kama kutu imeshikanisha bolti na bomba, kulegeza nati hakutoshi. Bolti yenyewe izunguke. Kalia bampa la nyuma, lirushe mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya toki kwa namba ya kitabu cha gari lako. Huwezi kuingia chini? Weka stendi chini ya ekseli, siyo chasisi, uzito wote uishukie.

Poliuretini sijaamua. Haichaniki hivyo, lakini tairi moja likipanda jiwe inagoma kujipinda, na vumbi la Solai likiingia, grisi inageuka msasa.

Ukishafunga mikono ya kurekebisha, anza na ya chini, pande zote zilingane ndani ya milimita 1, kisha ya juu kwa pembe, panadi mwisho. Ning'iniza timazi kwenye ukingo wa bodi, pima hadi kwenye rimu. Kushoto 42, kulia 30: ekseli imehama milimita 6, siyo 12. Mkono wenye uzi wa hatua ya milimita 2 kwenye ncha moja tu, mzunguko 1 unabadilisha urefu milimita 2. Wenye uzi wa kulia ncha moja na wa kushoto ncha ya pili ni 4. Uzi uliobaki ndani usipungue unene wa skrubu. Vali ya breki inayosoma kimo cha ekseli irekebishwe, la sivyo itadhani gari ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Paipu ya breki na waya wa ABS zikaguliwe ekseli ikiwa imening'inia.

Chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye breketi. Baada ya kilomita 500, nati ambayo mstari wake umekatika ikaze tena, tairi zikiwa chini. Chini.