Kurushiana mafaili kati ya Linux na simu: pima hewa kwanza

Mtu akija kwenye dawati letu la TEHAMA kulalamika kwamba programu yake ya kurushia mafaili ni nzito, swali la kwanza tunalomuuliza haliihusu programu. Tunataka kujua simu na laptopu zimeunganishwa kupitia nini, na kwa mawimbi gani. Wengi hawajui. Na anayetaka kuunda programu yake mwenyewe, kama vijana wengi wanaotuandikia, huanza na rangi za vitufe kabla ya kujiuliza swali hilo.

Tuchukue video ya gigabaiti 1. Hiyo ni megabiti 8,000, maana baiti moja ni biti 8 (wauza vifaa hupenda kuandika biti, namba inanona). Bluetooth ya kawaida hupitisha kama megabiti 2 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri, kwa hiyo video hiyo itakuweka zaidi ya saa nzima. Simu ya bei ya chini yenye antena moja, kwenye Wi-Fi ya gigahezi 2.4, huandikiwa kasi ya megabiti 72 kwa sekunde. Nusu ya hizo huliwa na kusubiriana zamu, kujibizana "nimepokea", na kelele za majirani. Zikibaki 36, utasubiri dakika nne kasoro. Sasa ihamishie simu yenye antena moja kwenye gigahezi 5, iwe tu inaelewa kiwango cha 802.11ac, nayo itaandikiwa 433. Tukadirie 250 za kweli: video imefika kwa sekunde 32 hivi, na programu hatujaigusa.

Kuna jambo jingine ambalo hata mafundi hulisahau. Hewa ya Wi-Fi ni kama baraza linaloruhusu msemaji mmoja kwa wakati. Laptopu na simu zikiwa zote kwenye ruta moja, chaneli moja, kila pakiti (kipande cha data) husemwa mara mbili: laptopu inaiambia ruta, kisha ruta inairudia kwa simu. Kasi inakatwa nusu hapo hapo. Dawa ni kumwondoa dalali, kifaa kimoja kiwe hotspoti na kingine kijiunge nacho moja kwa moja. Kwenye Linux yenye NetworkManager, programu inayosimamia mitandao, amri ya nmcli device wifi hotspot inatosha, na ukiongeza band a unaomba gigahezi 5. Usishangae ikikataa. Kadi nyingi za Intel kwenye laptopu haziruhusu kufungua hotspoti kwenye gigahezi 5 kwa sababu ya kanuni za masafa zilizomo ndani yake. Basi geuza, simu iwe hotspoti na laptopu iwe mgeni. Ila zima data ya simu kwanza! Laptopu ya Linux ikiona intaneti inaweza kuanza kupakua masasisho yake kimya kimya, na bando la wiki likaisha kabla video haijafika. Kurushiana kwenyewe hakuli bando hata kidogo.

Kabla ya kuandika mstari wowote, pima. Amri ya iw dev wlan0 link itakuonyesha masafa na kasi iliyoandikwa (jina la kadi yako huenda likawa tofauti na wlan0). Kisha weka iperf3, kipimo cha kasi ya mtandao, kwenye laptopu, na kwenye simu ya Android uiweke ndani ya Termux (programu inayoipa simu terminali), urushe data tupu baina yao. Kama iperf3 inatoa megabiti 200 kwa sekunde na programu yako 40, kosa ni lako. Kama iperf3 nayo inatoa 40, funga kihariri ukahangaike na chaneli.

Programu yenyewe haihitaji makuu. Sisi tunapendekeza upande wa Linux uwe seva ndogo ya HTTP (lugha inayotumiwa na kurasa za wavuti) na upande wa simu uwe kivinjari kilichopo tayari, ili mgeni asilazimike kusakinisha chochote. Amri ya python3 -m http.server hufungua folda ulimo kwenye mlango (port) 8000, na kwa kurusha faili moja kwenda kwenye simu inatosha kabisa. Haipokei kutoka kwenye simu. Hilo utaliandika wewe. Ukiliandika, usibebe faili zima kwenye RAM. Soma kipande cha megabaiti 1, kiandike kwenye diski, soma kingine, na faili libaki na jina la muda mpaka likamilike. Wakati wa kutuma, tumia sendfile, huduma iliyomo ndani ya Linux tangu toleo la 2.2 la mwaka 1999, ambayo hupeleka data kutoka kwenye faili hadi kwenye soketi (ncha ya muunganisho wa mtandao) bila kuipitisha kwenye programu yako. Katika Python faida hiyo hupotea ukiwasha TLS, usimbaji unaolinda data njiani, kwa kuwa data lazima isimbwe kwanza.

Picha 2,000 ni mzigo mgumu kuliko video moja yenye uzito uleule. Kila faili lina ombi lake, jibu lake, na kufunguliwa kwake kwenye hifadhi ya simu. Zifunge pamoja kwa tar na uzitume kama mkondo mmoja. Usizibane kwa gzip: JPEG na MP4 zimeshabanwa, utachosha prosesa bure. Na kama faili linaandikwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya daraja la 10, kumbuka kwamba daraja hilo linahakikisha megabaiti 10 tu kwa sekunde, hata Wi-Fi ikileta 30.

Vifaa vitatambuanaje? Njia ya kisomi ni mDNS, ambapo kifaa hutangaza jina lake kwa wote kupitia anwani 224.0.0.251, mlango 5353. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na Avahi. Lakini Android huchuja matangazo ya namna hiyo ili kuokoa betri mpaka programu iombe ruhusa maalumu, na mitandao mingi ya vyuo na hoteli huzuia wateja wasionane kabisa. Sisi tunatumia msimbo wa QR. Andika qrencode -t ANSIUTF8 ikifuatiwa na anwani ya seva, msimbo unajichora ndani ya terminali, simu inapiga picha, kazi imeisha. Ukurasa ukigoma kufunguka, angalia fayawoli ya laptopu kabla ya kulaumu simu.

Usalama sasa. Seva ile ya Python husikiliza kwenye anwani zote za kompyuta, kwa hiyo ukiifungua kwenye mgahawa, kila aliyemo kwenye mtandao huo anaweza kuisoma folda. Ifunge kwenye anwani moja kwa --bind, na weka ndani ya kiungo neno la siri refu lisiloweza kubahatishwa, ambalo QR italibeba bila mtu kuliandika. Jina la faili linalotoka kwenye simu usiliamini kamwe: anayetuma "../../.bashrc" anataka kuandika mahali ambapo hukumruhusu, kwa hiyo chukua sehemu ya mwisho tu ya jina. Haya hayawapati wanaojifunza tu. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ilitangaza matundu ya usalama kwenye SHAREit, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 1, yaliyoweza kuvujisha data za mtumiaji. Kwenye hotspoti yako yenye nywila na vifaa viwili tu, HTTP tupu inavumilika. Kwenye mtandao wa watu wengi, weka TLS au acha.

Asiyetaka kuunda, anayetaka tu picha zifike, asakinishe LocalSend, ambayo ni huria na ipo kwa Linux, Android na iPhone. Au KDE Connect. Msimbo wa kila moja uko wazi, na anayeunda atajifunza mengi kwa kuusoma.

Kilichobaki ni simu kulala katikati ya safari, na hili ndilo hukera watu kuliko kasi ndogo. Seva yako ikubali ombi la Range (kuomba sehemu tu ya faili) na kujibu 206, yaani "hii ni sehemu", ili faili liendelee pale lilipokatikia. Sisi hujaribu kwa video ya gigabaiti 3, chini ya kikomo cha gigabaiti 4 kwa faili moja kwenye kadi zenye mpangilio wa FAT32. Ikifika katikati tunazima Wi-Fi ya simu, tunahesabu hadi 10, tunaiwasha, tunagusa kitufe cha kuendelea. Ikimaliza, tunaendesha sha256sum, amri inayotoa alama ya utambulisho ya faili, pande zote mbili na kulinganisha herufi kwa herufi.