Je, wajua kwa nini geti huwekwa ile tyubu ya mshazari?

Jumamosi nilipita Kariobangi kwa mafundi wa kuweldi na mpwa wangu, ako Gredi ya 7, tulikuwa tumeenda kuulizia bei ya geti ya ploti, na mimi nikiwa bado naongea bei yeye akawa amesimama mbele ya geti moja haijapakwa rangi anaiangalia tu. Akaniuliza, "Anko, hii tyubu imelala kutoka kona ya juu mpaka kona ya chini, ni ya urembo ama?"

Si ya urembo. Nilifurahia sana hilo swali juu wameanza jiometri shuleni na ako na ukurasa mzima wa maneno ya kukariri, nukta, mstari, pembe, sambamba, na karibu yote yalikuwa pale pale mbele yetu.

Jibu lenyewe ni hili: pembetatu haiwezi kubadilisha umbo mpaka upande wake mmoja uvunjike, upinde ama urefu wake ubadilike. Pembenne inaweza, tena kwa urahisi. Hiyo tyubu ya mshazari inaigawa geti iwe pembetatu mbili, basi geti inakataa kulala.

Lakini twende polepole. Fundi huanza kwa kuweka alama ya chaki. Hiyo ndiyo nukta, ingawa nukta ya hesabu haina upana wala urefu, ni mahali tu. Ukiunganisha nukta mbili kwa njia iliyonyooka unapata kipande cha mstari, na hapa ndipo watoto wengi huchanganya, kwa sababu mstari wenyewe kwa hesabu hauna mwisho, unaendelea huku na huku bila kukoma, kipande ndicho kina mwanzo na mwisho. Kwa hivyo kila tyubu kwa ile geti ni kipande.

Tyubu mbili zikikutana, pale kwa kona kuna pembe. Mpwa wangu alikuwa anafikiria tyubu zikiwa ndefu basi pembe inakuwa kubwa. Hapana. Chukua mkasi, ufungue kidogo, halafu ufungue sana, makali hayajaongezeka urefu hata kidogo, ni kule kufunguka ndiko kumeongezeka, na kufunguka ndiko tunaita pembe. Tunakupima kwa digrii, mzunguko mzima ni digrii 360, hesabu tuliyorithi kutoka Babiloni ya kale ambako watu walihesabu kwa sitini sitini. Robo ya mzunguko ni digrii 90, hiyo ni pembe mraba, mafundi wao watakwambia "iko skwea". Ikiwa chini ya 90 ni pembe kali, ikizidi 90 na haijafika 180 ni pembe butu.

Sasa yule fundi alikuwa na fremu nyingine chini, tyubu nne ameziweldi kwa doti moja moja tu, hajamaliza. Akamwambia mpwa wangu, "Hebu sukuma hiyo kona, mama." Akasukuma, fremu ikalala upande. Angalia ni nini kimebadilika na ni nini hakijabadilika, hapo ndipo somo lote liko. Urefu wa kila tyubu uko vile ulikuwa. Ya juu na ya chini bado ni sambamba, yaani umbali kati yao ni ule ule kila mahali na hata ukizirefusha vipi hazitawahi kukutana, na zile mbili za kando pia ni sambamba. Kilichobadilika ni pembe: zilikuwa mraba zote nne, sasa mbili ni kali na mbili ni butu. Ilikuwa mstatili, imekuwa msambamba. Hakuna chuma kimevunjika, hakuna kimepinda, na geti tayari imeharibika.

Jaribu nyumbani na mirija ya soda na pini. Unganisha minne, itayumba mkononi. Unganisha mitatu, sukuma utakavyo, haiendi popote. Sababu ni kwamba mirija miwili iliyoshikana kwa kona inaweza kufunguka na kufunga kama ule mkasi, lakini ukiweka wa tatu kati ya zile ncha mbili umeshaamua umbali wao, na umbali ukishaamuliwa kufunguka nako kumeamuliwa. Pembe zote tatu zimefungwa na urefu wa pande. Kwa pembenne, pande hazifungi pembe.

Na kwa hiyo tyubu moja unapata kitu kingine cha bure. Pembe za ndani za pembetatu yoyote zikijumlishwa ni digrii 180. Mshazari umetupa pembetatu mbili, 180 na 180 ni 360, ndiyo maana pembenne yoyote pembe zake za ndani ni jumla ya digrii 360. Mwanafunzi akiiona kwa geti hahitaji kuikariri.

Kabla ya kuweldi kabisa, fundi alichukua tepu akapima kona kwa kona, halafu akapima zile kona zingine mbili. Protrakta, kile kifaa cha kupimia pembe, hana. Tuseme geti ni mita 4 kwa mita 3: ikiwa skwea, mishazari yote miwili itasoma mita 5 kamili, juu 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, ukijumlisha ni 25, na 25 ni 5 mara 5. Hiyo ndiyo kanuni watoto hufunzwa kwa jina la Pythagoras. Ikiwa imelala kidogo, mmoja utasoma kama 4.90 na mwingine karibu 5.10, na fundi atagonga ile kona ya mshazari mrefu mpaka vipimo vilingane. Kwangu mimi hicho kipimo cha kona kwa kona kingefaa kufunzwa kwanza kabisa, hata kabla ya protrakta.

Ukishajua hii utaanza kuona pembetatu kila mahali Nairobi, kwa zile nguzo kubwa za stima, kwa kenchi zinazoshika mabati, kwa fremu ya baisikeli, kwa mikono ya kreni za mjengo.

Kuna jambo moja fundi alituongezea nikaona ni la maana. Geti ya chuma iliyoweldiwa haijali sana mshazari umeelekea wapi, lakini mlango wa mbao unajali. Uzito wa mlango unavuta chini ile kona iliyo mbali na bawaba, kwa hivyo ubao wa mshazari unafaa uanzie chini upande wa bawaba uende mpaka juu upande wa komeo, hapo unasukumwa, na ubao ukisukumwa unavumilia. Ukiugeuza, unavutwa, na kinachovutwa hapo ni misumari. Waya ni kinyume chake, hauwezi kusukumwa, wenyewe huanzia juu kwa bawaba ukashuka.

Tulipofika nyumbani mpwa wangu hakuingia ndani, alienda moja kwa moja kwa mlango wa kibanda cha kuku nilioupigilia mwenyewe mwaka jana. Ubao ulikuwa umeanzia juu kwa bawaba, na misumari ya chini ilikuwa imeanza kutoka. Akaniitisha nyundo na tepu.