Mistari miwili ya UPT siyo kipimo cha kansa ya kizazi

Jamani hii meseji ya "nunua UPT ujipime kansa ya kizazi nyumbani" inazunguka mno, tuiweke sawa. UPT ni kile kipimo cha mimba cha mkojo. hCG ni homoni inayotoka kwenye kondo la nyuma, inaingia kwenye damu, mwisho inatoka na mkojo, ndo inayochora ile mistari miwili. Kuna kansa inaitwa koriokasinoma, seli zake ni za kondo hilohilo, mara nyingi inafuata baada ya mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida, kondo linaota vishada kama zabibu), nayo kansa hiyo inatoa hCG. Hapo ndo inapoitwa alama ya kansa. Basi.

Kinachonikera ni kuchanganya "ipo" na "ipo kiasi gani". UPT inajibu ipo au haipo tu, nyingi zinaanza kuiona kwenye yuniti 25 hivi kwa lita. Mwenye mimba changa na mwenye koriokasinoma wote mistari ni ileile. Tena mimba zabibu inaweza kupandisha hCG kupita laki moja, na ikizidi sana UPT inaelemewa inasoma hasi, mpaka maabara wauzimue mkojo kwa maji ndo mstari unatokea!

Daktari anataka namba, na anataka kuiona inashuka wiki hadi wiki baada ya mimba zabibu kusafishwa. Ikigoma kushuka au ikipanda, hapo kuna kazi. Mwaka 1956 kule Marekani madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walianza kutibu koriokasinoma kwa dawa ya methotreksati, uvimbe uliosambaa mapafuni ukapotea kwenye eksirei ila mkojo bado una homoni, Li akang'ang'ana kutoa dawa mpaka homoni iishe, wakubwa zake wakaona anawapa watu sumu bure wakamtoa kazini. Baadaye ikaonekana aliowatibu hivyo ndo ambao ugonjwa haukuwarudia.

Sasa kansa ya mlango wa kizazi ni kitu kingine. Kuna kipande cha hCG, beta-kori, kiliwahi kutafutwa kwenye mkojo wa wenye kansa hiyo na ya ovari, lakini wengi wa hatua za mwanzo hawakuwa nacho. Kwa hiyo dada, mlango wa kizazi kaangaliwe na mhudumu wa afya kwa kupakwa siki au kwa kipimo cha HPV (kirusi kinacholeta kansa hiyo), na kama uliwahi kutolewa mimba zabibu usiruke kliniki za kupima hCG hata kama UPT ya nyumbani inasoma mstari mmoja.